Ulimi wa Kuazima kwa Jirani

Aliye na sufuria jikoni aende akaipue kwanza. Mimi nikianza kusema, vyakula vya watu huungua, na wenyewe hunilaumu mimi badala ya kuulaumu moto. Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyopoteza ulimi. Si huu wa kusemea. Huu nitazikwa nao ukiwa bado unatikisika. Ni ule wa kuonjea.

Naitwa Primitiva Terceros. Soko zima la kwetu Cochabamba hunijua kwa jina la Mama Primi wa supu ya karanga. Shule sikuisoma, niliipita kwa nje nikiuza mahindi ya kuchemsha. Lakini supu, jamani! Supu yangu iliwahi kumfufua mtu. Walikuwa wanampitisha na jeneza lake mbele ya kibanda changu kwenda makaburini, harufu ikamwingia puani, akakaa kitako akauliza kama pande la mbavu limebaki. Wengine husema hakuwa amekufa, alikuwa amelewa, na lile halikuwa jeneza bali mkokoteni wa viazi. Watu wana wivu.

Mwenye wivu mkubwa kuliko wote ni Casimira Vallejos. Kibanda chake kinatazamana na changu, ng'ambo ya kichochoro ambacho mtu mnene hukipita kwa ubavu, na yeye pia anauza supu ya karanga. Tumekodoleana macho tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Lakini katika maisha yetu yote mimi sikuwahi kuonja supu yake, wala yeye yangu, na sababu ni yapa.

Sokoni kwetu muuzaji na mnunuzi huitana kasera, wote wawili, kama watu waliooana. Ukimaliza bakuli lako unasema, "Kasera, yapa," nami sharti nikuongezee upawa mmoja wa bure. Huo upawa wa bure ndiyo yapa. Lakini una kamba ndani yake. Ukishauomba na kuupokea, wewe ni wa kibanda hicho. Ukionekana kesho unakula kwa mwingine, huo ni uzinzi, na kichochoro kizima kitakusema. Sasa mimi nimwombe Casimira yapa? Heri nimeze upawa wenyewe na mpini wake.

Basi nikapata kivimbe kwenye titi la kushoto. Kilikuwa kidogo, kigumu, ukubwa wa karanga. Nikasema, haya, nimezisaga karanga maisha yangu yote bila huruma, lazima moja ingekuja kulipiza. Binti yangu Basilia hakucheka. Alinikokota hospitali kama mbuzi wa sikukuu, wakanitoboa, wakapima, wakasema ni saratani, na kwamba nitatundikiwa dripu kwanza mpaka kivimbe kinywee, halafu ndipo nikatwe.

Siku ya kwanza ya dripu wakaniketisha kwenye kiti kimoja cha safu ndefu, kila mtu na mfuko wake juu kama embe mtini. Nesi aliyetuhudumia anaitwa Delfina, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mwalimu. Nikatazama mfuko wa jirani yangu, mkubwa, umejaa. Nikatazama wangu.

"Kasera," nikamwita. "Mbona wangu mdogo hivi?"

"Kila mtu na kipimo chake, mama."

"Haya, kipimo nimekubali. Na yapa?"

Safu nzima ikaangua kicheko. Mzee mmoja mwenye mpira puani alicheka mpaka ukachomoka ikabidi arudishiwe. Delfina peke yake hakucheka.

"Mama Primitiva," akasema, "yapa ya dawa hii ni jeneza."

Moyoni nilimdharau. Muuzaji asiyetoa yapa huwa ana jambo. Kwa hiyo nilipofika nyumbani na vidonge alivyonipa vya kuzuia kutapika, nikajipa yapa mwenyewe. Pale aliposema kimoja, mimi nikameza na cha bure juu yake, asubuhi na jioni.

Kichefuchefu kiliondoka, nisiseme uongo. Ila na vitu vingine vyote tumboni vikakataa kuondoka. Nilifunga choo kama duka la mtu anayekimbia kodi. Nilikaa kule uani muda mrefu hata jirani akaja kugonga mlango kuuliza kama nimehamia. Nikaanza kuzungumza na tumbo langu kwa heshima, nikaliita "bwana mkubwa", nikaliahidi mshumaa. Wapi! Mwishowe Basilia akampigia simu nesi, naye akataka kusema na mimi.

"Mama, vidonge vile hufunga choo hata ukivimeza kwa kipimo. Wewe umevimeza kwa bakuli!"

"Nilidhani hamjui kuuza."

"Kunywa maji, kula papai, tembea, na leo jioni kidonge ni kimoja. Na nisikilize vizuri. Lolote litakalokusumbua, hata kama unaliona la kipuuzi, niambie mimi kabla hujajitibu. Na joto la mwili likipanda, usingoje kitu. Dripu huua askari wa mwili pamoja na adui, kwa hiyo homa ndogo kwako si ndogo. Njoo hapo hapo, hata kama ni sikukuu. Umenielewa?"

Nikaitikia kwa kichwa, kwenye simu. Kichwa changu huitikia upesi sana. Ni mimi mwenyewe ambaye huchelewa kufika.

Baadaye ikaja zamu ya nywele. Kwetu mwanamke ni sketi yake ya marinda, kofia yake nyeupe, na misuko yake miwili mgongoni. Asubuhi moja nilishika msuko wa kulia niufunge nyuzi, nao ukanifuata mkononi mzimamzima kama karoti iliyoiva. Wa kushoto ukaona aibu kubaki peke yake. Sikulia. Nilichukua sindano, nikaishona yote miwili kwa ndani ya kofia, nikajitazama kwenye kioo: mrembo yule yule, isipokuwa sasa uzuri wangu ulikuwa unavulika.

Upepo wa mwezi wa nane ukaufahamu uhuni huo. Ulininyanyua kofia pale kwenye kona ya wauza vitunguu, na mbwa mmoja akaikimbilia, akaitia kichwa, akaingia nayo sokoni misuko ikimpiga mbavuni. Nawaapia, watu walimsalimia. "Habari za asubuhi, Mama Primi!" Muuza mishumaa mpaka leo amenuna kwamba siku ile alinisalimia nami nikampita bila kumjibu.

Hayo yote niliyacheka. Nywele si kitendea kazi. Hata siku ile dripu ilipokuwa ya dawa nyekundu na mkojo ukatoka mwekundu vile vile, nilimwita Basilia aje aone mama yake alivyogeuka pipa la divai. Lakini asubuhi moja nilichota supu yangu kijiko nionje kabla ya wateja, nikahisi nimelamba kufuli. Nikaonja tena. Kufuli, na mlango wake. Hakuna karanga, hakuna mfupa, hakuna chumvi. Nikaongeza chumvi. Nikaonja. Nikaongeza nyingine.

Mteja wangu wa kwanza siku zote ni mzee Eleuterio, mnoa visu. Akaketi, akapiga funda la kwanza, akaweka kijiko chini polepole kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

"Kasera," akasema, macho yakimtoka machozi, "nchi yetu ilinyang'anywa bahari tangu enzi za babu zetu. Serikali zote zimeshindwa kuirudisha. Wewe umeirudisha leo, yote, kwenye bakuli langu."

Kesho yake niliogopa chumvi kabisa, supu ikawa kama maji yaliyosimuliwa habari za karanga. Wateja wangu wakaanza kuvuka kichochoro. Mwanzo walivuka wakiwa wameinamisha vichwa, na wakimaliza bakuli kwa Casimira hawakusema neno. Halafu siku moja nikamsikia wa kwanza akisema, kwa sauti ya chini lakini masikio yangu hayakuwa na saratani: "Kasera, yapa."

Hilo nalo ningelimeza. Ila mwaka ule ulikuwa mwaka wangu. Soko letu lina sanamu yake ya Bikira Maria, na kila mwaka mwanamke mmoja huuvaa mkanda na kuwa mwenye sherehe, na kazi yake ni kulilisha soko zima kwa mkono wake mwenyewe siku Bikira anapotembezwa. Nilikuwa nimeuvaa mkanda mbele ya watu kabla sijajua habari za kivimbe, tena kwa mbwembwe. Nilisema supu yangu itawafanya wale watakatifu wa plasta waombe vijiko. Mwenye sherehe akiaibika, jina lake hubaki sokoni kama harufu ya utumbo. Wajukuu huitwa kwa aibu hiyo.

Nikapiga hesabu zangu za kutosoma. Ulimi umeuawa na dripu. Nikiikimbia dripu, ulimi utafufuka. Dripu iliyofuata iliangukia juma lile lile la kabla ya sherehe. Basi siendi. Nikishalisha soko, nitarudi kwa Delfina nimpigie magoti. Basilia nitamwambia tumbo linaniuma, uongo ambao tayari ulikuwa na historia nzuri.

Nilikuwa nimekaa na siri hiyo, nikikoroga supu ambayo hakuna aliyeitaka, Casimira alipovuka kichochoro. Hajawahi kukivuka. Hata siku kibanda changu kiliposhika moto alirusha maji akiwa kwake. Akaja mpaka mbele ya sufuria yangu, akachovya kijiko chake mwenyewe bila kuniomba, akaonja, akageuka, akatema.

"Primitiva, hii unawapikia watu au umeoshea vyombo?"

"Toa pua yako kwenye sufuria yangu, we mwanamke!"

"Wateja wako wako kwangu."

"Si ufurahi basi? Kacheze!"

"Nifurahi nini? Kila bakuli wananiambia, ya Mama Primi ilikuwa hivi, ya Mama Primi ilikuwa vile. Nimechoka kushindana na marehemu aliye hai. Una nini?"

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu adui ndiye mtu pekee asiyekuonea huruma. Nikamwambia ulimi umekufa, na kwamba dripu ya juma lijalo nimeifuta mwenyewe ili nipike. Nilitegemea acheke. Casimira akaketi kwenye benchi langu la wateja, sketi yake ikalijaza lote.

"Dada yangu Nicasia alipata vidonda mdomoni," akasema. "Kwa dripu hizo hizo. Hakumwambia mtu, ati asimsumbue nesi. Aliacha kwenda. Alisema atarudi vidonda vikipona."

Mwisho wake hakuusema. Nilikuwa naujua, nilikwenda mazishini, na nilirudi nikiwasema kwamba supu ya matanga ilikuwa na maji mengi.

"Wewe utakwenda kwenye dripu," Casimira akasema. "Sherehe utapika. Kuonja nitakuonjea mimi."

"Wewe? Nimkabidhi fisi bucha?"

"Fisi ndiye mwenye ulimi. Chagua."

Nikaenda kwenye dripu. Nilipokuwa nimetundikiwa mfuko wangu usio na yapa, nikamweleza Delfina habari za kufuli. Aliweka mikono kiunoni.

"Tangu lini?"

"Tangu... juzijuzi. Mwezi hivi."

"Na kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilidhani wewe ni wa titi tu. Ulimi nikafikiri una ofisi yake."

Hapo ndipo alipocheka, mara ya kwanza. Akanivutia kiti. Akasema nitupe kijiko cha chuma nile kwa cha mti, maana chuma juu ya chuma ndiyo kufuli lenyewe. Nisukutue kwa maji yenye chumvi kidogo na magadi ya kuokea kabla ya kula. Nijaribu ndimu, kama mdomo hauna vidonda. Chakula kikiwa vuguvugu au baridi huenda kikavumilika kuliko cha moto. "Na ulimi wako haujafa," akasema. "Umezimia tu. Kwa watu wengi hurudi polepole dripu zikiisha. Lakini hauwezi kurudi kwa mwenye ulimi ambaye hayupo. Umenisikia?" Kichwa changu kikaitikia.

Basi Casimira akawa ulimi wangu. Kila asubuhi anavuka, anaonja, anatoa hukumu. Mnaona mateso yangu? Mwanamke ninayemshuku kuliko mkusanya ushuru ananiambia, "Chumvi bado," nami sina njia ya kujua kama ni kweli au ananimaliza.

"Bado kiasi gani?"

"Konzi."

"Konzi! Unataka nilipue figo za watu?"

"Basi acha. Ulimi ni wako? Si wangu?"

Alipogeuza mgongo nilimwita mzee Eleuterio kwa ishara, nikamlisha kijiko kimoja nyuma ya pazia. Akalamba midomo. "Kasera, chumvi bado." Nikatia konzi nzima, roho ikiniuma kila chembe. Siku ile wateja wengine walianza kurudi, na Casimira aliponiona napakua aliniangalia kama mtu aliyejipiga shoka mguuni kwa makusudi.

Siku ya sherehe ikafika. Tulikuwa na sufuria zilizojipanga toka kibandani kwangu mpaka kwa wauza vitunguu, karanga zimesagwa kwa jiwe na wanawake wa kichochoro chote, bendi ya matarumbeta imeshalewa kabla ya misa. Nami niliamka nikiwa na moto mwilini. Si joto la furaha, nalijua joto la furaha. Meno yalikuwa yanagongana huku shingo ikiungua. Nilikumbuka maneno ya Delfina, kwamba nije hapo hapo hata kama ni sikukuu. Nikajiambia alikuwa anasema sikukuu za watu wengine.

Mama yangu, Mungu amrehemu, homa aliitibu kwa viazi. Unakata vipande vyembamba, unavibandika kwenye paji la uso na mapanja, viazi vinanyonya moto. Nikajibandika kichwa kizima, na upara unavyopokea viazi ni raha, hakuna nywele za kuzuia. Juu nikashindilia kofia, misuko ikaning'inia, nikatoka. Vipande vya kwanza nilivibadilisha uani, vilikuwa vimekauka kama ngozi ya ngoma. Vya pili vilikuwa vimeanza kuiva. Nawaambia, ningenyunyiza chumvi ningeviuza.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi niliumbuliwa na viazi. Niliinama kukoroga sufuria kubwa, Casimira akiwa ubavuni kwangu na kijiko chake mdomoni, kofia ikateleza kidogo mbele. *Chubwi.* Halafu chubwi nyingine. Casimira akatazama sufuria. Akanitazama mimi.

"Primi. Hivi viazi vimetoka wapi?"

"Sokoni."

"Vimetoka kichwani kwako."

"Na mimi nimetoka sokoni."

Akanigusa shingo kwa nyuma ya mkono, akauondoa kama aliyeshika kaango.

"Unawaka!"

"Nimesimama karibu na moto, ulitaka niwe barafu?"

Akaniondoa kofia. Mbele ya Bikira, mbele ya bendi, mbele ya soko zima, kichwa changu kikatokea kimeng'aa kama yai, kimepambwa viazi kama sinia la sikukuu. Mpiga tarumbeta alikata wimbo katikati. Mbwa yule wa kofia, nahisi, alinionea huruma.

"Nesi alisema homa ikija uende hapo hapo," Casimira akasema.

"Nani kakuambia habari za nesi?"

"Basilia. Kwa sababu wewe tunakujua!"

"Supu haijaisha."

"Supu imeisha. Imebaki chumvi, na chumvi wewe huioni. Hapa huna kazi yoyote, Primitiva, wewe ni kofia tu."

Maneno hayo yalinichoma kuliko homa, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nikang'ang'ania upawa wangu kwa mikono miwili. "Nikiondoka watasema supu ni yako," nikamwambia, na sauti yangu ikatoka ndogo, ya kitoto, mpaka mimi mwenyewe nikaangalia ni nani aliyesema.

Casimira alivuka kichochoro, akaingia kwake, akatoka na upawa wake, ule wa mpini mweusi ambao hata mumewe hakuruhusiwa kuugusa. Akaninyang'anya wangu, akaniwekea wake mikononi.

"Nenda nao huo. Nitapakua kwa upawa wako. Mpishi asiye na upawa wake si mpishi, ni mkono wa kukodi. Watu wote wanaona. Haya, ondoka!"

Nilipelekwa hospitali kwa teksi, nimevaa mkanda wa Bikira, sina nywele, nimekumbatia upawa wa adui yangu. Dereva alipiga ishara ya msalaba kila kona.

Delfina ndiye aliyenipokea. Kabla hata sijasema kitu walikuwa wameshanitoa damu, wamenilaza chumba cha peke yangu, wameanza kunipitishia dawa za kuua vijidudu. Alipokuwa ananifuta shingo akakuta kipande kimejibandika nyuma ya sikio.

"Mama Primitiva," akasema, "umetuletea chipsi?"

Nilitaka kucheka. Lakini yeye hakucheka; alikuwa bado amekishika kile kipande cha kiazi, hakitupi.

"Askari wako wamekwisha, mama. Karibu wote. Ungengoja mpaka jioni..."

Nilitafuta la kumchekesha nikakosa. Halijawahi kunitokea hilo. Nilimshika tu mkono, wenye kiazi, tukakaa hivyo. Mbali huko zilisikika fataki za Bikira.

Siku walipomruhusu mtu kuniona, aliyeingia kwanza alikuwa Casimira, amefungwa barakoa, sketi yake ikikwangua milango yote miwili, mkononi ana chombo cha supu iliyochemshwa upya kama Delfina alivyoagiza.

"Walisemaje?" nikamwuliza kabla hajaketi.

"Walisema ni supu ya Mama Primi."

"Wote?"

"Wote. Mnoa visu alisema safari hii viazi ni vingi."

"Casimira! Hukuvitoa?"

"Nilivitoa."

"Vyote?"

"Nilivyoviona," akasema, akatazama dirishani.

Nikanywa kwa kijiko cha mti. Bado kufuli, ila kufuli lililolala juani, lenye joto la kukubalika. Nikamwambia chumvi imezidi. "Mwongo wewe, huisikii," akasema, akanifuta kidevu kwa ncha ya mtandio wake, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria.

Dripu zikaisha, nikakatwa, nikapona kidonda. Nywele ziliporudi zilirudi zimejisokota kama manyoya ya mwanakondoo, wakati mimi nimezeeka. Hata nywele hazijui adabu. Nguvu za kusimama jikoni zilikuwa bado, basi nikawa nashinda kwenye benchi la Casimira, naye ananiwekea bakuli kila mchana. Nilikuwa nakula, nikimaliza nasukuma bakuli kimya. Yapa sikuomba. Mtu asiyeonja haombi yapa, kwa hiyo mbele ya kichochoro nilikuwa bado mwaminifu kwa kibanda changu.

Mchana mmoja nikatia kijiko mdomoni, nikasimamisha taya. Ilikuja karanga kwanza, kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi. Nikapiga funda la pili. Ukaja mfupa. Kisha ikaja chumvi, nayo ilikuwa imekaa mahali pake, haikuzidi chembe, haikupungua. Niliitafuta kasoro, jamani. Niliitafuta kwa ulimi mpya, kwa meno, kwa nia mbaya. Maisha yangu yote nilikuwa nimewaambia watu supu ya mwanamke huyu ni maji ya kuoshea karanga, na sikuwahi kuionja.

"Una nini?" Casimira akashtuka. "Mbona machozi? Ni homa? Niite teksi?"

Kichochoro kizima kikageuka. Mzee Eleuterio akaacha kunoa. Ningeweza kusema ni pilipili. Nina uongo mzuri wa kila aina, mwingine sijawahi hata kuutumia. Nikalikomba bakuli mpaka likawa jeupe, nikalisukuma mbele yake.

"Kasera," nikamwambia. "Yapa."

Casimira alisimama akinitazama mpaka supu ikaanza kuchemka na kumwagika motoni. Halafu akachota, kwa upawa wangu, ambao hajaurudisha mpaka leo, kama mimi ambavyo sijaurudisha wake, akanimiminia. Nilichungulia. Haukuwa umejaa kama ninavyojaza mimi, lakini hilo nililinyamazia, nalo mliandike kwenye miujiza.

Sasa nimerudi jikoni kwangu na wateja wangu wamerudi. Napika kwangu, nakula kwa Casimira, maana yapa ni yapa. Mtu akiniuliza mbona sionekani nikila supu yangu mwenyewe, namwambia nesi amenikataza.